Mechi Mia Chini ya Kitenge

Ndugu zangu, mimi jumbe ndefu huwa nazifuta. Shemeji yangu analijua hilo, ndiyo maana aliponitumia hii alinipigia simu kwanza akaniambia nisiifute kabla ya kuisoma. Nikaisoma huku nikingoja maji ya kuoga yachemke. Yakachemka, yakapoa, nikayarudisha jikoni. Sasa naipitisha kwenu kwa maneno yangu mwenyewe, maana ile niliyotumiwa ilijaa makosa ya uandishi, na mimi nimekuwa mwalimu maisha yangu yote, siwezi kuacha kitu kipite hivyo.

Kuna mji mmoja kule nyanda za juu, ambako watu huvaa makoti mpaka saa sita mchana. Mji huo una chama cha mchezo wa sataranji. Wanachama hawazidi thelathini, na kama mnavyowajua watu wa sataranji, hawana kelele lakini ubishi wanao.

Kila mwaka chama hicho kilikuwa na shindano la aina yake. Watu hawakucheza. Zilicheza programu za kompyuta. Mtu anakaa miezi na miezi akiifundisha kompyuta kufikiri juu ya ubao wa sataranji, kisha analeta programu yake, inakutanishwa na ya mwenzake, na wao wenyewe wanakaa pembeni wakinywa chai. Kazi inayobaki ni moja tu, kujua ipi ina nguvu kuliko nyingine.

Kazi hiyo alipewa Mwalimu Ambakisye, mzee mstaafu aliyefundisha hesabu kwa miaka thelathini na mbili. Alipewa kwa sababu hakuwa na programu yake, hakuwa na ndugu mwenye programu, na kila mtu mjini alikuwa amewahi kusahihishiwa daftari naye bila kuonewa.

Mwalimu alikuwa na taratibu zake, na hakuna aliyethubutu kuzigusa. Kwanza, programu mbili zikikutana, hazichezi mechi moja. Zinacheza mia, zikibadilishana kete nyeupe na nyeusi, kwa sababu mechi moja ni bahati tu. Pili, hakuzipimia muda wa kufikiri kwa saa. Kompyuta yake ilikuwa kuukuu, ikipata joto inakuwa nzito, na programu iliyocheza wakati wa joto ingeonewa. Kwa hiyo kila programu iliruhusiwa kuangalia hatua nane mbele, si pungufu wala zaidi, kisha icheze.

Tatu, na hii ndiyo iliyompa sifa, aliifunika skrini. Alichukua kitenge cha mkewe, akakitandaza juu ya kompyuta, akakibana kwa kamusi, na hakuna mtu aliyeruhusiwa kuona mechi hata moja mpaka zote mia ziishe. Yeye mwenyewe hakuangalia. Alisema mtu akitazama mchezo huanza kupenda upande mmoja, na akishapenda hawezi tena kuhukumu. Mechi zikiisha, anafunua, anasoma jumla ya pointi, basi. Kwa miaka sita hakuna aliyepinga matokeo yake.

Sasa mwaka ninaousema shindano lilikuwa na uzito kuliko miaka mingine. Shirika moja lilikuwa linapeleka kompyuta katika shule thelathini za sekondari, nalo likawaambia wanachama wachague programu moja ya sataranji iwekwe humo, watoto wajifunzie. Aliyeitengeneza angeajiriwa kuzunguka shule hizo akifundisha. Kazi ya kweli, yenye mkataba.

Fainali wakabaki wawili.

Mmoja alikuwa Tusajigwe, mwanamke wa miaka thelathini na nne. Alikuwa akifundisha kompyuta katika chuo kimoja kidogo, chuo kikafungwa, na tangu hapo miaka miwili ilikuwa imepita hana kazi. Aliishi kwa dada yake, Atupele, fundi cherehani. Atupele hakuwahi kumwambia neno baya. Ila alikuwa amejenga tabia ya kuingia katika chumba cha mdogo wake na futi ya kushonea shingoni, anapima ukuta, anapima pale penye kitanda, anaangalia kama meza yake ya kukatia nguo ingeenea. Tusajigwe akimuuliza, anajibu kwamba anapima tu. Mwenye kuelewa anaelewa.

Wa pili alikuwa Lugano, fundi wa televisheni sokoni. Sataranji na kompyuta alijifundisha mwenyewe, kati ya televisheni moja mbovu na nyingine. Alikuwa mtu wa maneno machache, yale ya lazima tu, na hayo nayo alikuwa akiyasema kwa kusitasita. Alikuwa ameshiriki shindano hilo mara tatu na hajawahi kushinda.

Programu zikachezeshwa siku moja na nusu chini ya kitenge. Jumatatu saa nne asubuhi, mbele ya wanachama wote, Mwalimu akaondoa kamusi, akafunua, akavaa miwani, akasoma. Tusajigwe pointi sabini na tano. Lugano ishirini na tano. Katika mechi mia, Tusajigwe alikuwa ameshinda hamsini, hamsini zikawa sare za nusu pointi kwa kila mmoja, na hakupoteza hata moja.

Watu wakapiga makofi. Lugano akaja akampa mkono, akamwambia hongera, akarudi kwenye kibanda chake. Mwalimu akampa kila mmoja wao flashi yenye mechi zote mia, kama ilivyokuwa desturi, wakajisomee makosa yao nyumbani. Mkataba ukapangwa kusainiwa Ijumaa.

Tusajigwe alirudi nyumbani akicheka peke yake njiani. Hata kula hakula. Aliweka flashi kwenye kompyuta yake ili aone alivyoshinda, na hilo sidhani kuna wa kumlaumu, kwani nani asiyependa kuutazama ushindi wake mara ya pili?

Akafungua mechi ya kwanza. Yeye alikuwa na nyeupe. Mchezo ulikwenda vizuri, na kwenye hatua ya thelathini na moja farasi wake akatua mahali ambapo alimtisha mfalme na malkia wa Lugano kwa pamoja. Malkia akaliwa, mchezo ukaisha. Tusajigwe akapiga kofi mezani kwa furaha.

Ya pili alikuwa na nyeusi, ikawa sare. Akairuka. Akafungua ya tatu, na kwenye hatua ya thelathini na moja farasi akatua palepale. Akadhani amefungua ya kwanza kwa makosa. Akaangalia namba, ilikuwa ya tatu kweli. Akafungua ya tano. Farasi yuleyule, hatua ileile, malkia yuleyule. Akafungua ya thelathini na tisa. Akafungua ya tisini na tisa.

Akazifungua zote. Mechi hamsini alizocheza na nyeupe zilikuwa mechi moja. Mechi hamsini alizocheza na nyeusi nazo zilikuwa moja.

Ngoja nieleze, maana hata mimi nilirudia kusoma hapa. Binadamu akicheza leo na kesho, hachezi vilevile. Jana alilala vibaya, leo amekula vizuri, au amegombana na mkewe. Programu haina mke. Ukiipa ubao uleule, na ukaiambia iangalie hatua nane mbele, itakupa jibu lilelile leo, kesho na mwakani. Ukiikutanisha na mwenzake mwenye tabia hiyohiyo, mchezo wa kwanza utajirudia neno kwa neno mpaka uchoke. Kama Mwalimu angepima kwa saa, joto la kompyuta lingebadilisha kitu hapa na pale. Kama angeacha skrini wazi, mtu yeyote anayepita na kikombe cha chai angegundua. Lakini Mwalimu alitaka haki, akaondoa saa. Akataka haki zaidi, akafunika. Kwa hiyo zile sabini na tano kwa ishirini na tano hazikuwa mechi mia. Ilikuwa ushindi mmoja na sare moja, vimesomwa mara hamsini hamsini.

Tusajigwe akazima kompyuta.

Jumanne akamweleza dada yake. Atupele alikuwa anashona pindo la sketi ya mteja, hakuinua kichwa.

"Uliiba?"

"Sikuiba, dada."

"Ulimwambia Mwalimu apime hivyo?"

"Hapana."

"Sasa unarudisha nini?"

Na msimwone Atupele mbaya. Alikuwa amemlisha mdogo wake miaka miwili, na kwa mara ya kwanza aliona mlango umefunguka. Mimi ningekuwa dada yake, labda ningesema hivyohivyo.

Jumatano majirani wakaja kumpongeza. Mmoja akaleta ndizi mbivu, mwingine akampeleka kuona chumba cha kupanga, kina dirisha kubwa na bomba la maji uani. Tusajigwe akaingia, akasimama katikati, akakipenda. Njiani akawa anajitetea moyoni. Pengine programu yake ilikuwa na nguvu kweli. Ilishinda moja, ikatoa sare moja, haikushindwa. Na shuleni watoto wangejuaje?

Alikuwa ameshaamua kunyamaza. Hilo hakulificha baadaye, alilisema mwenyewe. Lakini kilichomkosesha amani hakikuwa hofu kwamba programu yake ni dhaifu. Ni kwamba hakujua. Alikuwa amekaa nayo miaka minne, ameijenga mstari kwa mstari, na alichotaka kuliko vyote ni kujua ina nguvu kiasi gani. Siku aliyoambiwa ameshinda ndiyo siku ambayo hakuna aliyempa jibu. Akikaa kimya, angekwenda shule thelathini akiwaambia watoto kwamba hii ndiyo bora, na kila mara angesikia ndani yake kwamba hajui.

Alhamisi asubuhi akaenda kwa Mwalimu.

Alimkuta barazani anamenya viazi, kwa sababu mkewe alikuwa na maumivu ya mikono siku za baridi. Tusajigwe akamwamkia, akaitikiwa, akakaribishwa kiti. Akaweka kompyuta juu ya meza, akaeleza yote tangu mwanzo bila kupumzika, akiogopa kwamba akipumzika atajuta. Mwalimu akaacha kumenya. Akajifuta mikono taratibu.

"Fungua ya kumi na saba," akasema.

Akafungua. Mwalimu akatazama mpaka farasi alipotua.

"Fungua ya themanini na tatu."

Akafungua. Farasi akatua.

"Ya sitini na moja."

Baada ya hiyo hakuomba nyingine. Alivua miwani, akakaa nayo mkononi.

"Tusajigwe, katika mechi mia, mimi nimeona mechi ngapi?"

"Mbili, Mwalimu."

"Hapana. Mimi sikuona hata moja. Nilizifunika."

Kisha Mwalimu akamuuliza kwa nini amekuja, wakati mkataba unasainiwa kesho na yeye ndiye angesaini. Tusajigwe akatafuta jibu zuri, akalikosa, akasema lililokuwepo.

"Nimejaribu kufurahi, Mwalimu. Nimeshindwa."

Mzee akaingia ndani. Tusajigwe akadhani amekasirika. Kumbe alikwenda kuchukua kopo la maziwa ya unga alilokuwa akihifadhi flashi za miaka yote, kila moja imefungwa karatasi yenye mwaka. Akalimimina mezani kati ya maganda ya viazi, akasema, "Tuangalie na hizi."

Waliangalia mpaka saa tisa alasiri. Katika miaka sita, miaka minne ilikuwa na ugonjwa uleule. Mwalimu akachukua daftari, akaandika majina ya watu aliowaambia kwamba wameshindwa, na wengine aliowaambia kwamba wameshinda, bila kuwa na hakika kwa yeyote. Kisha akaanza kuwapigia simu mmoja mmoja, Tusajigwe akiwa amekaa palepale. Alikuwa anajitaja jina, anaeleza kosa, anaomba radhi. Mmoja alicheka akasema ameshasahau. Mmoja alikata simu. Mmoja, ambaye alikuwa amehamia mkoa mwingine na kuacha sataranji kabisa, aliuliza kama mwakani shindano litakuwepo.

Ijumaa watu walifika wakitegemea soda na picha za mkataba. Mwalimu akasimama akawaambia kwamba matokeo yamefutwa, na kwamba kosa ni lake. Akawaambia pia nani aliyeligundua. Ukumbi ukachafuka kidogo. Wapo waliosema mwanamke huyu anatafuta sifa. Wapo waliosema hana akili, kwani nani hukimbia kutoka mezani chakula kikiwa kimeshapakuliwa? Mtu wa shirika, namshukuru popote alipo, akasema atangoja wiki mbili.

Safari hii Mwalimu alibadilisha utaratibu. Aliandika vipande hamsini vya karatasi, kila kimoja kina mwanzo tofauti wa mchezo, hatua sita za kwanza ambazo programu zote mbili zingelazimika kuanza nazo. Akaviweka ndani ya sufuria, wanachama wakawa wanavichomoa. Kila mwanzo ulichezwa mara mbili, Tusajigwe na nyeupe, kisha Lugano na nyeupe, ili kama mwanzo una upendeleo, kila mmoja aupate. Na kitenge akamrudishia mkewe. Yeyote aliyetaka kutazama alitazama, mradi asiguse.

Mechi mia zikaisha. Lugano hamsini na tatu, Tusajigwe arobaini na saba.

Marafiki wa Lugano wakataka kushangilia, Mwalimu akawazuia. Akawaambia ukirusha sarafu mara mia, inaweza kabisa kuangukia upande mmoja mara hamsini na tatu, na sarafu haijui sataranji. Alikuwa ameshatangaza mara moja kitu asichokijua, hatatangaza mara ya pili. Akaandika vipande vingine mia na hamsini, ili mechi zote zifike mia nne.

Wiki nzima Tusajigwe alikwenda kukaa mbele ya skrini ile. Siku mbili za kwanza alikuwa na matumaini, maana pengo lilikuwa likipungua. Siku ya tatu akaanza kuona jambo. Programu yake ilijua kushambulia. Kete zikiwa nyingi ubaoni, ilikuwa hatari. Lakini zikibaki chache, mfalme na askari wawili watatu, ilikuwa inahangaika, inakwenda mbele na kurudi nyuma, na ya Lugano ilikuwa inamaliza kazi polepole bila papara. Aliliona kwa macho yake mwenyewe mara kumi, mara ishirini. Iliuma. Hata hivyo alijikuta anatoa kalamu na kuandika, kwa sababu miaka minne hakuna aliyewahi kumwonyesha hilo.

Lugano mia mbili ishirini na moja. Tusajigwe mia moja sabini na tisa.

Hapo hakukuwa na ubishi. Lugano akasaini mkataba.

Kazi Tusajigwe hakupata, na sitawadanganya kwamba kuna mtu alitokea mlangoni na kazi nyingine mkononi. Alirudi kwa dada yake, kwenye chumba kilekile. Atupele alimpakulia chakula, akakaa naye mpaka akamaliza, akamwambia kwamba alikuwa amefikiri vibaya na anashukuru hakusikilizwa. Tangu siku hiyo hakuingia tena chumbani na futi.

Naye Mwalimu Ambakisye alimshukuru mbele ya wanachama wote. Alisema miaka thelathini na mbili alisahihisha hesabu za watoto wa watu, na sasa uzeeni amepata mtu wa kumsahihishia yake, tena kabla hajafa, jambo ambalo si wazee wengi wanaobahatika kulipata. Akamwomba kuanzia mwaka ule wapime pamoja, maana alihitaji mtu anayeweza kuona matokeo yanayompendeza na bado akayafungua ndani. Tusajigwe akakubali. Mpaka leo anafanya kazi hiyo, na nimeambiwa programu yake siku hizi inamaliza michezo vizuri.

Hapo nilidhani hadithi imekwisha, nikanyanyuka kwenda kuangalia maji yangu. Kumbe bado.

Siku ile ya kusaini, watu wakiwa wanatawanyika, Lugano alimfuata Tusajigwe nje ya ukumbi. Akasimama mbele yake, kofia mkononi.

"Dada Tusa," akasema, "mimi nilijua."

"Ulijua nini?"

"Flashi yangu niliifungua Jumatatu ileile, nikiwa kibandani. Nilitaka kuona nimekosea wapi. Nikaona mechi mbili."

Tusajigwe akamtazama asiamini. Akamuuliza kama alijua tangu siku ile, kwa nini alikaa kimya, wakati yeye ndiye aliyeonewa.

Lugano akamwambia alikwenda mpaka kwenye geti la Mwalimu mara mbili, akarudi. Mara ya kwanza alishika komeo kabisa.

"Ningesema nini, dada? Mtu aliyeshindwa akisema mizani ni mbovu, watu wanasikia tu kwamba ameshindwa. Nimeshiriki mara tatu, nimeshindwa mara tatu. Wangesema huyu naye kazidi. Maneno hayohayo nikiyasema mimi ni malalamiko. Umeyasema wewe, kila mtu kafungua macho. Hakukuwa na mtu mwingine wa kuyasema."

Tusajigwe akaona haya. Watu walikuwa wakimsifu tangu asubuhi, na huyu ndiye aliyestahili kujua ukweli wote.

"Usinishukuru sana, Lugano. Mimi nami niliona Jumatatu. Jumanne nikanyamaza. Jumatano nikanyamaza, tena nilikuwa nimeshaamua iwe hivyo."

"Najua," Lugano akasema. "Nilijua nawe una flashi, nikawa nazihesabu siku hizo. Nashukuru hazikuwa tatu."

Ndugu zangu, niliposoma hapo nilikaa nikakumbuka makaratasi yote niliyowahi kurudishiwa yakiwa na alama nyingi kuliko nilizostahili, na jinsi nilivyokuwa nayakunja haraka na kuyatia mfukoni. Namshukuru aliyeiandika hadithi hii kwa mara ya kwanza, simjui jina. Namshukuru na shemeji kwa kunilazimisha. Wewe nakutumia kwa sababu una mahali unapopendelewa, kama mimi nilivyo na pangu. Sikuombi uwatumie watu kumi. Mtumie mmoja, yule ambaye siku hizi kila kipimo kinamwambia ameshinda.

Funzo: Kipimo kikikupendelea, wewe ndiye unayepaswa kuwa wa kwanza kukikagua, kwa sababu yule ambaye kimemwumiza hata akisema kweli hataaminiwa.